Simulateri: kiti kinachosafiri bila kuondoka, na watu wanaokisia siri yake mapema

Mtu aliyepata kungojea kivuko ukingoni mwa Lualaba anajua jambo hili. Uko ndani ya kivuko, kamba bado imefungwa, unaangalia maji yanayoshuka kuelekea Kindu. Baada ya muda kidogo unaona ni kivuko ndicho kinapanda mto. Unashika chuma ya pembeni. Halafu unainua macho kwenye mti wa ng'ambo, mti uko palepale. Kumbe hamjatembea hata hatua moja.

Udanganyifu huo mdogo ndio msingi wa mashine inayoitwa simulateri. Ni chumba chenye viti na ekrani, kimewekwa juu ya miguu ya chuma inayorefuka na kufupika. Watu wanaingia, wanafunga mikanda, mlango unafungwa. Wanajiona wanaruka angani, wanashuka bondeni, wanafunga breki kwa nguvu. Wakati huo wote chumba kimetikisika tu mahali pake, hakikuenda popote. Katika nchi za mbali mashine hizo ziko ndani ya bustani kubwa za michezo, ambako watu wanalipa ili wadanganywe. Ziko pia katika vyuo vya mapiloti, ambako hakuna anayecheza.

Vidio za mashine hizo zinapita katika simu hata huku Kasongo na Kabambare, na mabishano yanafuata: je, kile chumba kinakwenda kweli, ao ni filamu tu? Huko Marekani na Ulaya kuna watu wazima wanaofanya mabishano hayo kama kazi. Bustani ikitangaza mchezo mpya, wao hawangoji siku ya kufungua. Wanaanza kukisia ndani yake kutakuwa na nini: watu wangapi wataingia pamoja, chumba kitazunguka namna gani, ni nani atashika usukani. Mara nyingi wanakisia sawasawa, miaka miwili ao mitatu kabla ya mlango kufunguliwa.

Mtu atauliza: mchezo wa wenye pesa unatuhusu nini sisi wa Maniema, ambao barabara ya kwenda Kindu peke yake inatutikisa bure? Unatuhusu kwa sababu ya sikio, na kwa sababu ya ndege. Tutafika huko.

Ilianza na mivukuto ya kinanda

Edwin Link alikuwa kijana wa mji wa Binghamton, jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda vinavyojipiga vyenyewe kwa nguvu ya hewa. Link alipenda ndege, lakini masomo ya kuruka yalikuwa ghali. Mwaka wa 1929 akamaliza kutengeneza kindege kidogo cha mbao, chenye mabawa mafupi, kilichokaa juu ya mivukuto ya kinanda. Mivukuto ikijaa hewa upande huu, kindege kinainamia upande ule. Mhunzi yeyote wa kwetu angeelewa mashine hiyo kwa kuiangalia mara moja.

Vyuo vya ndege havikuitaka. Waliokuja kununua ni wenye bustani za michezo. Hata hati ya uvumbuzi ambayo Link alipewa mwaka wa 1931 ilisema wazi kwamba chombo hicho ni cha kufundisha wanafunzi wa urubani na pia cha kuburudisha. Mambo yalibadilika mwaka wa 1934, jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Mapiloti wakaanza kufa ndani ya mawingu na mvua, kwa sababu walizoea kuruka wakiangalia ardhi. Jeshi likanunua mashine sita za Link. Wakati wa vita vya pili vya dunia, zilikuwa zimetengenezwa kama 10,000.

Miguu sita ya chuma tunayoiona leo ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1950, mtu mmoja wa kampuni ya mipira ya magari Dunlop, Uingereza, jina lake Eric Gough, alitengeneza kiti cha miguu sita cha kujaribia matairi. Mwaka wa 1965 Mwingereza mwingine, Stewart, akaandika kwamba umbo kama hilo linafaa kwa simulateri ya ndege. Sita, kwa sababu kitu chochote kinaweza kusogea kwa namna sita: mbele na nyuma, kushoto na kuume, juu na chini, halafu kuinamia mbele, kuinamia ubavuni na kujizungusha. Miguu sita inatosha kuzifanya zote.

Bustani zikarudi kuchukua kilichoanzia kwao. Tarehe 9 Januari 1987, Disneyland ya California ilifungua mchezo wa Star Tours, uliotokana na filamu za Star Wars. Chumba kimoja kilibeba watu 40. Na miguu yake? Disney ilikwenda kuichukua kwa kampuni ya Uingereza, Rediffusion, iliyokuwa inatengeneza simulateri za mapiloti.

Namna sikio linavyodanganywa

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu inayosikia sauti, kuna vijia vitatu vya duara vyenye maji, na kuna vijiwe vidogo sana. Vijia vinatuambia kama kichwa kinageuka. Vijiwe vinatuambia juu ni wapi na chini ni wapi, na pia kama tunasukumwa mbele ao nyuma. Shida ni kwamba vijiwe havijui kutofautisha mambo hayo mawili.

Fikiria uko juu ya kamio, umeegemea magunia ya mchele, macho umefumba. Kamio ikiondoka kwa ghafla, mwili unarudi nyuma. Sasa fikiria kamio imesimama, lakini mtu amepandisha pua yake kidogo kwa jeki. Mwili unarudi nyuma vilevile. Kwa vijiwe vya sikio, kuondoka kwa mbio na kuinamishwa nyuma ni kitu kimoja. Einstein aliliona jambo la namna hiyo tangu 1907, akajenga juu yake nadharia nzima. Mtengenezaji wa simulateri hahitaji nadharia yote. Anainamisha chumba nyuma, anaonyesha kwenye ekrani barabara inayokimbia, na wewe unaapa kwamba umesukumwa mbele.

Lakini lazima ainamishe polepole. Vile vijia vya maji havisikii mgeuko ambao ni wa taratibu sana. Chumba kikiinama haraka, unatambua, uongo unaharibika. Kwa hiyo ndani ya simulateri kuna kazi mbili kwa wakati mmoja: msukumo mdogo wa ghafla ambao unausikia, na marudio ya taratibu ambayo husikii, ili miguu irudi katikati na iwe tayari kwa msukumo mwingine. Ekrani ikichelewa kidogo nyuma ya miguu, macho yanasema hivi na sikio linasema vile, na tumbo linakataa. Wenye kutapika kwenye gari wanaelewa.

Anayejua mambo hayo anaweza kukisia mengi juu ya mashine ambayo hajaiona.

Chombo cha Star Wars na wale waliokikisia

Mfano unaofaa ni mchezo unaoitwa Millennium Falcon: Smugglers Run. Agosti 2015 Disney ilitangaza kwamba itajenga eneo zima la Star Wars katika bustani zake mbili, California na Florida, na kwamba wageni watakiendesha wenyewe chombo maarufu cha filamu hizo. Kuendesha wenyewe! Neno hilo ndilo lililowasha moto. Tangu hapo mpaka kufunguliwa mwaka wa 2019, wapenzi wa bustani walikaa miaka karibu minne wakigeuza swali moja: itawezekana namna gani?

Ugumu ulikuwa hivi. Katika filamu, chumba cha kuendeshea chombo hicho ni kidogo, kina viti vichache. Ukiingiza watu 40 kama katika Star Tours, hakitafanana, tena watu 40 hawawezi kushika usukani mmoja. Ukiingiza watu wachache, watu wengi watangoja nje chini ya jua. Na kila kundi linataka kuamini kwamba liko ndani ya chombo cha kweli, kile kimoja tu, si ndani ya kopi namba kumi na tano.

Wakagawanyika. Kulikuwa na waliosema vifungo vitakuwa vya uongo: unabonyeza, taa inawaka, filamu inaendelea ileile. Wengine wakashikilia kwamba vyumba vitakuwa vidogo na vingi, kwa hiyo lazima kuwe na namna ya kuvipanga. Hao wa pili walipiga hesabu, na hesabu yao mtu yeyote anaweza kuirudia kwa kalamu. Tuseme bustani inataka kupitisha watu 1,600 kwa saa. Chumba kinabeba sita. Hiyo ni safari kama 267 kwa saa. Kuingia, kufunga mikanda, kuruka na kutoka, tuseme dakika sita. Chumba kimoja kinafanya safari kumi kwa saa. Basi unahitaji vyumba 26 ao 27.

Vyumba 27 vya miguu sita, vyote na milango, bila watu wa chumba kimoja kuona wa chumba kingine! Ukivipanga kwa mstari mrefu, watu watatembea kwenye kolido kama ya hospitali na kuona milango mingi, siri yote imekwisha. Jibu walilolipendelea wengi ni meza kubwa inayozunguka. Vyumba vinakaa juu yake, kimoja kinafika mlangoni kuchukua watu wakati vingine viko hewani.

Hawakutoa hayo kichwani tu. Kabla paa halijafunika jengo, walichunguza picha zilizopigwa kutoka angani, kwa sababu shimo la duara katika sakafu lina maana moja na mstari wa reli una maana nyingine. Walisoma hati za uvumbuzi ambazo kampuni zinaandikisha. Huko Florida walisoma karatasi ambazo mjenzi analazimika kupeleka kwenye ofisi ya serikali inayoangalia maji ya mvua, zenye ramani ya kila jengo. Kampuni inafunga mdomo, lakini karatasi za serikali ziko wazi kwa raia. Wakaaji wa kwetu waliotafuta kujua barabara yao imetengewa pesa gani watasikia wivu kidogo hapo.

Machi 2018 kukaja ushahidi mkubwa. Katika mkutano wa watengeneza michezo ya kompyuta huko San Francisco, Disney na kampuni za Nvidia na Epic zilieleza kwamba picha za safari hiyo hazitakuwa filamu iliyokwisha kupigwa. Zitachorwa na kompyuta palepale, kwa mtambo wenye kadi nane za picha, na projekta tano zinazounganisha picha moja bila mshono. Waliosema vifungo ni vya uongo wakanyamaza, ao wakabadilisha maneno. Mtu hachomi umeme wote huo kuchora picha palepale kama picha yenyewe haibadiliki.

Mlango ulifunguliwa California tarehe 31 Mei 2019, na Florida Agosti mwaka huohuo. Ndani: watu sita kwa chumba, mapiloti wawili, wapiga silaha wawili, mafundi wawili. Vyumba saba juu ya kila meza inayozunguka, meza nne. Jumla 28. Hesabu ya kalamu ilikosea kwa chumba kimoja tu. Na meza inazunguka taratibu wakati watu wako katikati ya vita vya angani, kwa hiyo vile vijia vya sikio havisikii kitu. Wanatoka kwa mlango mwingine, mbali na walipoingilia.

Walichokosea wengi ni upande wa uhuru. Walitumaini kwamba piloti atapeleka chombo popote anapotaka, hata kukiangusha. Sivyo. Njia imewekwa, unaweza kugonga ukuta, kuharibu vitu na kuambiwa mwishoni deni lako, lakini safari inafika mwisho wake. Tena usukani umegawanywa: piloti wa kushoto anapeleka kushoto na kuume, mwenzake anapeleka juu na chini. Familia nyingi zimegombana humo. Mafundi nao wanalalamika kwamba vifungo vyao viko ubavuni, wakivitafuta wanakosa kuona safari. Hapo wapenzi waliacha kukisia wakaanza kutamani, na kutamani hakuna karatasi ya kuthibitisha.

Giza la Douala

Turudi kwenye sikio. Uongo uleule ambao unauzwa kwa tikiti katika bustani, angani unakuja bure, na hauna mlango wa kutokea.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800, iliyotoka Abidjan ikielekea Nairobi, iliruka kutoka Douala, Cameroon, usiku wa mvua na giza. Ndani mlikuwa na watu 114. Haikufika dakika mbili ikaanguka katika kinamasi cha mikoko. Hakuna aliyepona. Wachunguzi wa Cameroon walitoa ripoti yao mwaka wa 2010: mapiloti walipoteza uongozi wa ndege baada ya kupotewa na mwelekeo. Nahodha alitamka maneno ya kuwasha otopiloti, lakini otopiloti haikuwaka. Kwa muda wa karibu dakika moja hakuna aliyekuwa anaendesha kweli, na ndege ikawa inainamia upande wa kuume polepole. Polepole sana, kama ile meza inayozunguka. Tahadhari ilipolia, nahodha hakujua ameinamia wapi, akageuza usukani ovyo.

Kuna namna nyingine ya uongo huo. Ndege ikiruka usiku juu ya msitu usio na taa hata moja, msukumo wa injini unafanya vijiwe vya sikio viseme: pua imepanda mno. Piloti akisikiliza mwili wake, anasukuma pua chini, kuelekea miti. Ndiyo maana anafundishwa kuamini saa zilizo mbele yake kuliko mgongo wake. Mafunzo hayo ni ya simulateri, kwa sababu hakuna mwalimu anayeweza kumwangusha mwanafunzi mara kumi kwa ndege ya kweli ili aelewe.

Lakini simulateri nayo inafundisha kile tu ilichowekewa. Boeing ilipoleta 737 MAX, ilisema piloti aliyezoea 737 za zamani hahitaji simulateri ili kuihamia. Masomo mafupi ya kompyuta yanatosha. Ndege mbili zikaanguka: ya Lion Air huko Indonesia, Oktoba 2018, watu 189, na ya Ethiopian Airlines karibu na Addis Ababa, tarehe 10 Machi 2019, watu 157. Katika zote mbili programu ya ndege ilikuwa inasukuma pua chini. Mei 2019 Boeing ilikubali kwamba hata programu ya simulateri za MAX ilihitaji kusahihishwa, kwa sababu haikuonyesha sawasawa hali fulani za kuruka. Januari 2020 ikageuza neno: kila piloti wa MAX apite kwenye simulateri.

Kwa watu wa kusini ya Maniema, ambao mvua ikikata barabara wanabaki na ndege tu kwa wenye uwezo, habari hizo si za mbali. Tangu 2006 makampuni ya ndege ya Congo yamefungiwa anga ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ya ulinzi mdogo wa usalama. Kampuni ya Air Congo iliyoanza Desemba 2024 ni ya serikali pamoja na Ethiopian Airlines, ambayo chuo chake cha Addis Ababa kina simulateri na kinapokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Abiria anauliza bei ya tikiti na kilo za mzigo. Angeweza pia kuuliza piloti aliketi kwenye simulateri mara ya mwisho lini, na ya ndege gani.

Sasa wanakisia Abu Dhabi

Tarehe 7 Mei 2025 Disney ilitangaza bustani nyingine, mara hii katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, pamoja na kampuni ya huko iitwayo Miral. Disney itachora na kukodisha jina lake. Miral itajenga, italipa na itaendesha. Ni Ghuba ileile ambako wenye asili ya pwani ya Waswahili wako wengi, na si mbali na Maskati, walikotoka babu za Tippu Tip aliyefanya Kasongo kuwa makao yake. Jina la Kasongo lilijulikana pande hizo kabla Ulaya haijaweza kulitamka.

Wapenzi wameanza kazi yao. Hawana picha ya angani yenye maana wala karatasi ya mjenzi, kwa hiyo wanaanza na jua. Abu Dhabi wakati wa kiangazi joto linapita digrii 40. Bustani ya Ferrari World, iliyofunguliwa kisiwani humo mwaka wa 2010, karibu yote iko chini ya paa moja, na ile ya Warner Bros. ya mwaka wa 2018 iko ndani kabisa. Mchezo wa ndani hauna nafasi ya reli ndefu. Unahitaji mashine inayotoa safari kubwa katika chumba kidogo. Ni kusema simulateri. Wapinzani wao wanataja Formula Rossa ya hapohapo Ferrari World, ambayo inatoka nje ya paa na kufika kilomita 240 kwa saa, jua ao hakuna jua.

Hoja ya jua ina nguvu kuliko ile ya Rossa, ambayo ni mchezo mmoja ndani ya nyumba kubwa. Lakini jua linasema tu kwamba vyumba vitakuwa ndani. Halisemi kama vitakuwa na viti sita ao arobaini, wala ni nani atashika usukani. Bob Iger, mkuu wa Disney wakati ule, alisema michoro ingechukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili, halafu ujenzi kama miaka mitano. Mpaka sakafu ya kwanza ionekane kutoka angani, watakaa na kalamu na hesabu ya watu kwa saa.